Karani Aliyeambiwa Aseme Hayupo

Mara ya kwanza Bibi Mkunga alidhani ni mvua. Mara ya pili alidhani ni yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mtu aliyezalisha wanawake kwa miaka thelathini na minane, wengine wakimng'ata mkono na wengine wakimporomoshea matusi ya nguoni, hakuzoea kujiona mjinga mbele ya kioo cha tableti.

Alikuwa amestaafu, lakini hakuwa amekaa. Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, wakunga wachanga kumi na wawili waliotawanyika katika vituo vidogo vya afya walifungua tovuti ya mafunzo iitwayo Mikono ya Wakunga, naye akawafundisha kupitia tableti aliyopewa na ofisi ya mafunzo. Alikuwa na mwanasesere wa kitambaa, nyonga ya plastiki, na mdomo unaotaja kila kiungo kwa jina lake. "Mficha uchi hazai," aliwaambia siku ya kwanza, nao wakacheka, halafu wakaandika. Kisha goti lake likapasuliwa, binti yake akamng'ang'ania, na Bibi Mkunga akahamia kwa muda nyumbani kwa mkwewe, ghorofa ya nne, chumba cha wajukuu, kitanda cha chini.

Kukaa kwa mkwe si lelemama. Mama mkwe na mkwe ni watu wa kupishana koridoni wakitazama sakafu. Bibi Mkunga alikohoa kabla ya kutoka bafuni ili mkwe apate nafasi ya kupita. Mkwe alivua viatu mlangoni bila kishindo, akaamkia, akauliza goti linaendeleaje, akatoweka chumbani kabla jibu halijaisha. Hawakuwahi kubishana hata juu ya chumvi. Majirani walisema nyumba ile ina heshima, na Bibi Mkunga aliamini hivyo, maskini.

Mkwe alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi inayosimamia mitandao ya shule na vituo vya afya, na mtandao wa nyumbani kwake aliutunza kama mboni ya jicho. Nyaya zilibanwa ukutani moja moja, zimenyooka. Ruta ilikaa juu ya kabati la vyombo, na pembeni yake sanduku dogo jeupe lenye taa ya kijani ambalo hakuna aliyeruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

Kwa hiyo Ijumaa ile tovuti ilipokataa, Bibi Mkunga alifanya lililo la busara, akamuuliza mwenye ujuzi. Habari zilifunguka, hali ya hewa ilifunguka, katuni za wajukuu zilifunguka mpaka zikachosha. Mikono ya Wakunga ndiyo tu iliyogoma.

"Mtandao siku hizi unasumbua, Mama," mkwe alisema, akiwa amesimama nje ya mlango, macho kwenye kapeti. "Watarekebisha tu."

Jumanne ikaja, mambo yakawa yale yale. Bibi Mkunga alizima, akawasha, akafuta kioo kwa khanga, akabonyeza kila palipobonyezeka. Simu yake mwenyewe ilikuwa kitochi cha kupokea salamu, haikuwa na la kumsaidia, na goti halikumruhusu kushuka ghorofa nne kwenda kuomba mtandao kwa watu. Jioni alimuuliza mkwe tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Au nimebonyeza kitu vibaya?"

"Labda, Mama. Hizi tableti zina mambo mengi."

Labda! Neno hilo Bibi Mkunga alilala nalo. Kesho yake alimwomba binti yake amwandikie ujumbe mratibu wa mafunzo: anaomba radhi, uzee umemwingia vidoleni. Mratibu akajibu kwa upole wa kiofisi kwamba amesikitika, na kwamba hata wanafunzi wenyewe wamepungua siku hizi, huenda hamu imewaisha. Utaratibu ni kwamba mwalimu akikosa vipindi vitatu mfululizo, darasa linafungwa na wanafunzi wanapewa video. Kipindi cha tatu ni Ijumaa.

Na somo la Ijumaa lilikuwa damu inayotoka baada ya kuzaa. Bibi Mkunga aliijua damu hiyo. Ni ya dakika chache, haimsubiri mtu akafungue kitabu. Mkunga mchanga aliye peke yake kituoni lazima awe ameshauliza maswali yake yote ya kijinga kabla ya siku hiyo, na video haiulizwi kitu. Likifungwa darasa, limefungwa kwa wale wanawake ambao hata hawajashika mimba bado.

Ijumaa asubuhi, mkwe alipokwenda kazini, Bibi Mkunga alipiga moyo konde. Alichukua kitochi chake, akapiga simu kampuni ya mtandao bila kumwambia mtu, akalalamika kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwa madaktari waliochelewa. Saa nane mchana mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke wa makamo mwenye begi mgongoni na koleo kiunoni: fundi wa mtandao.

Fundi alipima waya, akapima ruta, akapima sebule nzima. "Mtandao wako mzima, Bibi. Unakimbia."

"Kama unakimbia, mbona haunifikishi?"

Fundi akaichukua tableti, akajaribu Mikono ya Wakunga, ikakataa. Akatoa simu yake mwenyewe, akaijaribu kwa mtandao wa simu. Ikafunguka papo hapo, na picha ya mikono miwili imekibeba kichwa cha mtoto ikajaa kwenye kioo. Bibi Mkunga alitaka kulia. Kumbe ipo! Kumbe siku zote ipo!

"Bibi, hospitalini kwenu," fundi alisema, "mtu akija kumwona mgonjwa anaanzia wapi?"

"Mapokezi."

"Haya. Anataja jina, karani anatazama daftari, anamwambia wodi namba fulani, kitanda namba fulani. Mtandao nao ndivyo. Tableti yako haijui majina, inajua namba. Ukiandika Mikono ya Wakunga, tableti inauliza ruta, ruta inauliza karani wa majina, karani anarudisha namba, ndipo unapelekwa. Karani huyo ndiye wanayemwita DNS."

"Sasa karani wangu kalala?"

"Hajalala. Kaambiwa akiulizwa mgonjwa huyu, aseme hayupo."

Bibi Mkunga aliweka mkongojo chini, taratibu. Katika maisha yake aliwahi kumfukuzisha kazi karani mmoja kwa kosa hilo hilo, mama wa watu akazungushwa kutwa nzima na mwanawe yuko wodi namba tatu. "Kaambiwa na nani?"

Fundi aliangalia juu ya kabati, penye sanduku jeupe. "Karani wa kampuni hana neno. Lakini ruta hii imeelekezwa isimuulize huyo. Inauliza hicho kisanduku. Ni karani wa humu humu ndani."

"Nimekuuliza, kaambiwa na nani?"

Fundi alianza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. "Bibi, mimi nimekuja kwa ajili ya mtandao tu."

Binti alikuwa anatoka jikoni na sinia ya chai. Vikombe vililia juu ya sinia. Bibi Mkunga akageuza shingo, akamtazama mwanawe usoni, na huyo alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi akisoma nyuso za wanawake wanaosema hapaumi.

"Mama, tuzungumze ndani," binti alisema.

"Tuko ndani. Zungumza."

Yakatoka, kidogo kidogo, binti akiwa bado ameshika sinia. Kile kisanduku kinaandika kila jina linaloulizwa na kila kifaa cha nyumba. Mume wake aliliona jina hilo, limeulizwa na tableti ya mama, mara nyingi. Akalifungua akiwa ofisini, mbele ya wenzake, ajue ni nini. Alirudi nyumbani hajala. Angeanzaje kumwambia mama mkwe? Kwa mdomo upi amwambie kwamba ameona anaangalia—

"Naangalia nini?"

Binti akaweka sinia mezani.

"Maliza. Mimi naangalia nini?"

"Hizo picha, Mama."

"Picha!" Bibi Mkunga alisimama bila mkongojo, goti likapiga kelele, hakulijali. "Kichwa cha mtoto kinatoka duniani, hiyo ndiyo picha? Mimi na mvi hizi nimekaa kwenye kitanda cha wajukuu zangu naangalia picha?"

"Hakusema hivyo. Aliona haya tu. Akaona bora aifunge kimya kimya, wewe usiaibike, naye asiaibike."

"Nisiaibike! Nimewaandikia watu kwamba nimezeeka vidole. Wewe ndiye uliyeniandikia! Ulishika simu, ukaandika maneno yale, na unajua?"

"Nilijua," binti alisema, na machozi yakamtoka. "Niliogopa mtagombana."

Ndivyo nyumba zinavyolindwa, wenzangu. Mmoja anaona haya, mwingine anaogopa ugomvi, na wa tatu anaachwa ajione zezeta ili amani idumu. Bibi Mkunga alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Angetukanwa waziwazi, angejua la kujibu. Lakini huyu mkwe alimsikiliza akijiuliza kama amebonyeza vibaya, akamwambia labda.

"Fungua hicho kidude," alisema.

Binti akaandika neno la siri kwenye tableti. Ikatokea orodha ya majina yaliyofungwa. Kamari, kamari, kamari. Tovuti chafu, chungu nzima. Mikopo ya dakika tano. Bibi Mkunga hakuwa na ugomvi na hayo, hata yeye angeyafunga, tena kwa kufuli mbili. Mwisho kabisa, peke yake, Mikono ya Wakunga. Mkwe alikuwa mtu wa utaratibu, kila mstari ulikuwa na nafasi ya kuandika sababu, na kwenye mstari huo sababu aliyoandika ilikuwa neno moja: heshima.

Fundi alijifanya kusoma maandishi ya chini ya ruta.

"Nifanyeje kulitoa?" Bibi Mkunga alimuuliza.

"Bonyeza mwishoni mwa mstari, palipoandikwa futa. Kisha hifadhi. Kisha uzime tableti na kuiwasha, maana nayo inakumbuka jibu la zamani. Mimi siligusi, Bibi. Kesho mwenye nyumba atapiga simu kazini kwetu."

"Wala usiliguse. Hili ni langu mwenyewe." Na kwa kidole kile kile alichokwisha kukitangazia uzee, akafuta. Tableti ilipowaka tena, tovuti ilifunguka kama mlango usiokuwa na habari yoyote. Fundi akanywa chai yake kwa mafunda matatu, akaaga, na walisikia viatu vyake vikishuka ngazi mbio.

Saa kumi kasorobo mkwe aliingia. Ilionekana mkewe alimpigia, kwa sababu hakuvua viatu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha wajukuu, akamkuta Bibi Mkunga ameketi na mwanasesere mapajani na nyonga ya plastiki mezani, akageuza uso ukutani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nitazame."

"Mama, mimi nilikuwa nakuheshimu tu."

"Mtu unayemheshimu unamwambia. Ungeniita, ungesema, Mama, hii ni nini? Ningekueleza, tungemaliza. Umenifanyia kama mtoto anayeiba sukari, tena umenifanya niamini kwamba kichwa changu kimeharibika. Wiki nzima, Mkwe! Nilikuwa nahesabu vidole vyangu usiku nione kama bado navihisi."

"Nisamehe, Mama."

"Sijafika huko. Nina darasa. Simama hapo hapo, ukikimbia nitakufuata na goti hili hili."

Akafungua kipindi. Mratibu alikuwa ameshaingia, amevaa miwani na sura ya mtu aliyekuja kuzika. Halafu likatokea jina moja la mwanafunzi, la pili, la tatu, la nne. Saa kumi ikapita. Saa kumi na dakika tano. Wakabaki wanne.

"Kama nilivyokueleza, Mwalimu," mratibu alisema kwa upole, "hamu imepungua."

"Hamu gani?" ilidakia sauti ya mmoja wa wale wanne. Nyuma yake pikipiki zilikuwa zikipita. "Mwalimu, mimi niko barabarani, nimesimama chini ya nguzo, natumia bando langu. Kituoni haifunguki. Nilidhani kompyuta yetu mbovu."

"Kwetu pia," alisema mwingine. "Mganga mkuu akaniambia sijui kutumia. Nikakubali."

"Mimi nimejificha stoo ya dawa, ndipo simu inaposhika. Na wale wenzetu hawana simu za kufungulia."

Bibi Mkunga aligeuka polepole kumtazama mkwewe mlangoni. Mkwe alikuwa ametazama kioo kwa mara ya kwanza, na rangi imemtoka usoni.

"Mama," alisema. "Orodha ya nyumbani ndiyo ya ofisini. Naitengeneza hapa, asubuhi inajinakili kule. Vituo vyote vinauliza karani mmoja."

"Vingapi?"

"Sitini na kitu." Akavuta begi lake la kazi. "Hakuna aliyelalamika."

"Angelalamika nani? Kila mmoja kadhani ni yeye!"

Mkwe alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, kompyuta yake ya kazini imefunguliwa juu ya kitanda cha chini, kati ya midoli ya wanawe. Alieleza huku anaandika, bila kuulizwa: orodha ya ofisini ingejisoma upya kesho asubuhi, lakini anaweza kuilazimisha isome sasa hivi. Mratibu alivua miwani, akaivaa tena. "Waambie wazime na kuwasha," mkwe alisema, na Bibi Mkunga akawaambia wale wanne wawapigie wenzao, na waliokuwa karibu na kituo wakakimbia ndani.

Dakika zikapita. Kisha jina la tano likaingia. La sita na la saba kwa pamoja.

"Mwalimu! Imefunguka!" mtu alipiga kelele.

"Sentimita ngapi?" mwingine akauliza, kama anayempima mama mwenye uchungu, na wakunga wote wakaangua kicheko, vituo vyote kwa wakati mmoja. Mkwe peke yake hakuelewa, wala hakuna aliyemweleza. Wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Mratibu alisema, kwa sauti iliyopungua uofisi, kwamba darasa hili halifungwi na mtu.

Wa kumi na mbili alichelewa. Alipoingia alikuwa amevaa aproni ya kazi, amekaa mbele ya ukuta mtupu, wala hakucheka na wenzake. Ndiye mdogo kuliko wote, anayefanya kazi peke yake katika kituo kilicho mbali kuliko vyote.

"Mwalimu, samahani, sikujua kama kuna darasa leo. Nilishaacha kujaribu. Jumatano alikuja mama, amezaa njiani, damu haikatiki. Nilikumbuka kwamba maelezo yapo kwenye tovuti, ukurasa wa kukanda tumbo na vipimo vya dawa. Nikafungua, ikaniambia haipatikani. Nikajaribu tena, haipatikani. Nikafanya nilichokumbuka."

"Yuko wapi?" Bibi Mkunga aliuliza.

"Hospitali kubwa. Wamemwongeza damu chupa tatu. Mtoto yuko na bibi yake. Wanasema ataishi, lakini kizazi wamekitoa." Akapangusa uso kwa pindo la aproni. "Ndiyo mimba yake ya kwanza. Nauliza tu, Mwalimu, nilikosea wapi? Nilibonyeza nini?"

Bibi Mkunga alijisogeza pembeni na mkongojo wake, akamwachia mkwe nafasi mbele ya tableti.

"Huyu ndiye anayejua," alisema. "Mjibu."

Mkwe aliinuka kutoka sakafuni, akaketi. Msichana wa aproni alimsubiri. Wengine kumi na mmoja walimsubiri.

"Hukubonyeza kitu, dada," mkwe alisema. "Nilifunga mimi."

"Ulifunga?" msichana aliuliza. Hakuwa na hasira bado, alikuwa hajaelewa. "Kwa nini?"

Mkwe alimgeukia mama mkwe, akamtazama machoni, akitafuta msaada. Bibi Mkunga alikuwa amewasaidia watu wengi sana katika maisha yake, wa kila namna na wa kila saa. Huyu hakumsaidia.